Mkwe Mlangoni, Mkaa Uvunguni

Ukweni kwangu, Mtoni, mie najulikana kama fundi feni. Wala si tusi. Zamani majirani walimuuliza mama mkwe, huyu mkwe wako wa bara anafanya kazi gani? Akamuuliza binti yake, yaani mke wangu, na mke wangu akajitahidi kumweleza kwamba napima hewa iliyomo ndani ya majengo: inaingiaje, inatokaje, inabeba nini. Mama mkwe akafikiri kidogo, akasema, "Basi si mambo ya feni hayo?" Tangu siku hiyo kila feni iliyoungua Mtoni ilinisubiri mie nije sikukuu. Nilipopata uprofesa ukoo mzima ulifurahi. Nasikia walisema sasa nitaanza kutengeneza na mafriji.

Siwalaumu. Kazi yenyewe ni ya kuchekesha. Daktari wa meno atakuonyesha jino, mtu wa barabara atakuonyesha daraja. Kitu changu mie hakionekani, hakishikiki, na kila mtu anacho bure. Hotuba yangu ya kupokea uprofesa niliitoa kwenye ukumbi ambao madirisha yake hayafunguki na viyoyozi vyake vilikuwa vimekufa. Mada ilikuwa jinsi hewa nzito inavyowaletea watu usingizi darasani. Kufika katikati, safu zote za nyuma zimelala. Nilifurahi ajabu, nikawaonyesha wachache waliobaki macho: "Mnaona? Ndiyo hewa hiyo!" Tulipokuwa kwenye gari kurudi nyumbani, mke wangu akaniambia taratibu kwamba hewa ya watu haikuwa na kosa lolote.

Na utafiti wangu mkubwa, ule ulionipa jina, niliufanya Gongo la Mboto. Nilikuwaga natoka asubuhi na mabegi ya vipimo kwenda kupima moshi wa mkaa katika majiko ya watu. Sasa fikiria mama wa Gongo la Mboto ameambiwa kesho anakuja profesa. Anaamka alfajiri, anadeki, anafungua madirisha yote, anaazima jiko la gesi kwa shoga yake, na lile la mkaa analificha nyuma ya choo. Mgeni hapokewi kwa moshi, jamani! Halafu ananikalisha barazani, ananiletea chai na maandazi, na mie kwa adabu zangu sithubutu kusema naomba kuingia jikoni. Jikoni kwa mwanamke wa watu unaingiaje? Kwa hiyo miaka yote ile nilichokuwa napima ni ukarimu. Niliandika kwamba hewa ya majiko yale ni safi kuliko nilivyotegemea. Mwenzangu mmoja idarani akaniuliza kama kweli nilikwenda Gongo la Mboto au nilikwenda peponi.

Kinyozi hajinyoi, na mie nyumba yangu iko Chang'ombe, nyuma ya kiwanda. Niliichora mwenyewe. Juu ya kila dirisha niliweka tofali za matundu ili hewa ya moto itoke. Mwaka wa kwanza tukaliwa na mbu, vumbi likaja, harufu ya rangi ya gereji ikaja, mke wangu akaniambia nichague moja, yeye au matundu. Nikaziba matundu kwa saruji, chumba kimoja kimoja, isipokuwa chumba cha uani, kile cha mwisho wa ukumbi, na hicho kilinusurika kwa sababu saruji iliisha. Juu nikapiga dari la jasi lisilo na mwanya hata wa mchwa. Madirisha nikaweka ya kioo ya kusukuma. Nyumba ikawa nzuri, kama birika.

Basi mwaka huu binti yetu akajifungua. Mjukuu wa kwanza, wa kiume. Mumewe yuko migodini huko Geita, kwa hiyo binti akarudi kwa mama yake kukaa arobaini, kama desturi. Akapewa chumba cha uani. Na kwa sababu mke wangu ni mwalimu na shule haina habari na arobaini ya mtu, mama mkwe mwenyewe akahamia kwetu kumlea mzazi. Alifika na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kimejaa: kitanda cha kamba, mkeka, vyungu, pilipili manga, ubani, na gunia la mkaa.

Nilipoliona lile gunia nilijua. Watu wa pwani mzazi wanamkanda kwa maji ya moto, wanamlisha uji mkali, na wanamlaza juu ya kitanda cha kamba, halafu jiko la mkaa linasukumwa uvunguni ili joto lipande, mwili ujirudi. Mlango unafungwa, dirisha linafungwa, upepo usimpige mzazi wala mtoto. Desturi hiyo haikuua watu zamani kwa sababu nyumba zenyewe zilikuwa na mwanya kati ya ukuta na paa, moshi na kila kitu vikitokea huko. Lakini chumba changu cha uani, chenye dari la jasi na vioo vya kusukuma? Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi. Inakuumiza kichwa, inakulegeza, inakulaza, na huamki. Nimeifundisha maisha yangu yote. Mitihani yangu haikosi swali lake.

Nikamfuata mke wangu chumbani. "Mkaa ule utaua watu humu ndani."

"Mwanao alikandwa hivyohivyo na mama huyohuyo," akasema, "na leo kazaa."

"Ilikuwa Mtoni, nyumba ile ina upenyo juu! Hapa hewa haitoki."

Nikaona ameelewa. Halafu akasema, "Nimeshamgusia. Kaniambia nimesoma mpaka nimesahau kuzaa. Nenda wewe kamwambie. Wewe ndiye profesa."

"Mie?"

"Kwani profesa ni nani humu?"

Hapo inabidi nieleze mie na mama mkwe tunaishije. Tulioana bomani, mie mtu wa bara na yeye mtoto wa Kiislamu wa pwani, ili pande zote mbili zikasirike sawasawa. Kwa kufuta hasira hiyo nikaamua kuwa mkwe mwenye adabu kuliko wakwe wote wa Temeke. Sijawahi kukaa kiti kimoja na mama mkwe. Sijala naye. Usoni sijamtazama kwa kituo. Tunaamkiana kupitia pazia: "Shikamoo mama," "Marahaba baba, hujambo?" na mazungumzo yameisha. Nikitaka kupita ukumbini nakohoa kwanza, apate kujitanda. Amenisikia nikikohoa hivyo hadi anaamini nina kifua kibovu, na kila Idi ananiletea asali na tangawizi. Mtu wa namna hiyo niende nikamzungumzie uvungu wa mzazi! Afadhali unitume kambini kwa wanajeshi Gongo la Mboto nikamwambie mkuu wa kambi kofia yake imekaa upande.

Kwa hiyo nikafanya wanachofanya wasomi wakiogopa kusema. Nikaleta kifaa.

Ninacho kipimo kidogo, ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, ambacho gesi hiyo ikizidi kinapiga kelele. Mke wangu akakiweka juu ya kabati chumbani kwa mzazi, nami nikaenda chuoni moyo umetulia. Niliporudi jioni nikakikuta uani kwenye kamba ya nguo, kimebanwa kwa kibanio katikati ya nepi. Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya pazia.

"Baba, kile kidude chako kilianza kulia, kikalia mpaka mtoto akaamka. Nikakitoa nje, kikanyamaza. Maskini, kilikuwa kinakosa hewa."

Unajua profesa wa hewa alijibu nini? Alijibu, "Ahsante mama."

Nikakirudisha. Kesho yake nikakikuta kambani tena, na huko kikabaki. Mke wangu akazungumza na mama yake kwa mara ya pili, wakakubaliana mlango uwe unaachwa wazi kidogo, na ukaachwa wazi kweli, kila mke wangu anapokuwa nyumbani. Nikamwandikia binti yangu kwenye simu: fungua dirisha mama, usiogope. Akajibu: "Baba, ongea na bibi. Mie hapa sina kauli, ni mzigo tu. Halafu kichwa kinaniuma tangu juzi."

Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Kichwa kinauma! Ndiyo dalili ya kwanza, nimeiandika ubaoni mara ngapi! Mtu mwingine yeyote angeinuka pale, angekwenda mlangoni, angesema. Mie nikaenda uani kutafuta kijiti.

Maana nilikumbuka yale matundu yaliyonusurika saruji. Mama mkwe alikuwa ameyaziba kwa ndani na matambara. Nikapanda juu ya ndoo, nikachokoa tambara moja, likadondoka ndani. Nikachokoa la pili. Nikashuka najiona mjanja. Jioni yamezibwa tena, safari hii kwa vipande vya gunia. Nikangoja walale mchana, nikapanda, nikachokoa. Yakazibwa kwa kanga kuukuu. Hivyo ndivyo nilivyoendesha vita na mama wa mke wangu, mie nje juu ya ndoo, yeye ndani juu ya stuli, hatujawahi kutazamana na tunasukumiana matambara. Mpaka siku moja nikapenyeza kijiti, na kijiti kikashikwa. Nikavuta. Na yeye akavuta.

"Nani huyo?" akauliza.

Nikaganda.

"Nasema nani? Au ni paka?"

Mungu anisamehe, na chuo kinisamehe pia. Nikalia: "Nyaaau."

"Shhh! Toka, mwanaharamu!" Kijiti kikachomolewa mkononi mwangu chote. Nikashuka kwenye ndoo nikaenda kusahihisha mitihani.

Nilicheka peke yangu jioni ile. Nilimsimulia mke wangu, na yeye akacheka mpaka akakaa chini. Hatukujua kitakachofuata. Mama mkwe aliamini kweli kwamba mapaka ya Chang'ombe yananyemelea mtoto mchanga, na asubuhi, mke wangu alipokwenda shule, alichukua mito, akaigandamiza kwenye matundu yote na kuishindilia kwa ubao wa kabati. Halafu mvua ya rasharasha ikaanza, kibaridi kikaingia, akaongeza mkaa. Akafunga mlango, paka asije akapita.

Mie nilikuwa sebuleni na mitihani yangu. Mjukuu wangu alikuwa na tabia ya kulia asubuhi anapoogeshwa, analia kwa hasira, nyumba nzima inajua. Asubuhi ile hakulia. Nikasahihisha karatasi moja, nikainua kichwa. Kimya. Nikajiambia wamepitiwa na usingizi. Halafu neno hilo, usingizi, likaniinua kitini.

Nikaenda mpaka mlangoni kwao. Na nilipofika nikafanya nini? Nikakohoa. Kwa kawaida nikikohoa pale mama mkwe huitikia, "Pole baba." Hakuitikia. Nikakohoa kwa nguvu zaidi. Nikasema hodi. Nikasema tena, "Hodi humo ndani." Nikasema, "Hodi jamani." Nimesimama pale, mtu pekee Chang'ombe nzima anayejua kwa hesabu kinachotokea nyuma ya mlango ule, nangoja kukaribishwa.

Sikukaribishwa. Nikasukuma mlango.

Tena niliingia nimefumba macho, nisije nikamwona mama wa watu hajajitanda, nikajigonga goti kwenye ndoo ya maji ya kukandia. Hapo ndipo nikayafumbua. Joto lilinipiga usoni. Binti yangu alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba macho nusu, akanitazama, akasema kwa ulimi mzito, "Baba, bibi hasikii." Mtoto alikuwa ubavuni mwake, amelegea, mdomo wazi. Mama mkwe alikuwa chini kwenye mkeka, kanga moja, kichwa wazi, hajitambui.

Nikamnyakua mtoto. Nikatoka naye mbio hadi nje, mvuani, nikipiga kelele bila maneno. Jirani yetu, mama anayeuza vitumbua, alikuwa langoni kwake; nikamkabidhi mtoto, nikamwambia ita bajaji, ita watu, nikarudi. Binti nilimbeba nusu na nusu akajikokota, tukafika barazani, akatapika. Nikarudi tena.

Sasa mama mkwe. Mama mkwe ni mtu mzima wa mwili, na mie ni mwembamba mwenye mgongo mbovu. Lakini si hilo lililonichelewesha. Niliinama kumshika mikono, na mikono yangu ikakataa. Wallahi ilikataa! Mwanamke anakufa mbele yangu, na mie nawaza kwamba huyu ni mama mkwe, haguswi. Nikamrushia kanga kichwani kwanza, asitiri. Halafu nikashika pembe za mkeka, nikauvuta na yeye juu yake, ukumbini, sebuleni, nikigonga makochi, namwambia samahani mama, samahani mama, kila kona. Hivyo ndivyo alivyotoka nje, juu ya mkeka, mbele ya majirani wote waliokuwa wamejaa langoni. Wahenga walisema ukitaka cha uvunguni sharti uiname. Nilirudi mara ya mwisho nikainama, nikalivuta lile jiko kwa mkono mtupu, nikaungua, nikalitupa mvuani.

Kisha nikasikia mtoto analia. Alianza kama anakohoa, halafu akalia kwa hasira zake zilezile. Mie nikakaa kwenye tope nikalia pamoja naye. Sikuona haya.

Hospitali waliwawekea oksijeni wote watatu. Daktari, kijana mpole, akatueleza kwamba tumewahi, kwamba mtoto ataangaliwa lakini anaendelea vizuri, na kwamba mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari sana, mzee, je, ulikuwa unalijua hilo? Nikasema nililisikiasikia. Akachukua kalamu, akaniuliza kazi yangu. Mke wangu, aliyekuwa ameshafika kutoka shule, alinitazama. Nikasema fundi feni.

Siku waliyoruhusiwa, mama mkwe alikaa barazani kwenye benchi, akamwambia mke wangu, "Niitie mkwe wangu. Aje mwenyewe, usimsemee."

Nikaenda nikikohoa.

"Acha kukohoa. Kaa."

Hapakuwa na kiti kingine. Nikakaa benchi moja na mama mkwe, kwenye ncha kabisa, kitako kimoja hewani. Akanigeukia, akanitazama usoni, na mie nikatazama miguu yangu.

"Ule mkaa. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu unashuka kwenye gari."

"Na kile kidude?"

"Kilikuwa kinakwambia, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na yule paka?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Ni mie, mama."

Jikoni mke wangu aliguna, akajiziba mdomo. Mama mkwe hakucheka. Macho yalimjaa machozi, akayafuta na ncha ya mtandio, yakajaa tena.

"Una mdomo wewe?"

"Ninao."

"Kazi yako kusema mbele za watu. Watu wanakusanywa wanakaa wanakusikiliza. Mbona mie hukuniambia?"

"Nilikuheshimu, mama."

"Heshima!" Alilitema lile neno. "Ningemzika kitukuu changu, nimemuua kwa mikono yangu mwenyewe, na wewe ungesimama pale kaburini kimya, unajua kila kitu, unaniheshimu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote, nikainua uso, nikamtazama. Ni mwanamke mzuri, mama mkwe wangu, ana kovu dogo juu ya jicho. Sikuwa nimeliona.

"Mama," nikasema, "mkaa usiingie tena ndani."

"Haya," akasema.

Basi, yakaisha. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi kiasi hicho, na mjukuu wangu nusura afe nikiyatafutia adabu.